Bongo Walikuwa Watano, Baba

Mpendwa Baba,

Nilikukosea mbele ya watu, kwa hiyo barua hii nimeiacha wazi. Waisome wote waliokuwa kwenye ukumbi wa kanisa siku ile, na wale waliosimuliwa baadaye sokoni Gilgil, maana najua habari ilifika huko kabla hata projekta haijapoa. Wewe peke yako ndiye usiyeweza kuisoma, na kwa hilo sina wa kumlaumu ila mimi. Nilikuwa na simu, nawe ulikuwa na simu, na tulikaa mwaka mzima na zaidi tukiulizana habari za baridi na viazi.

Kwa kuwa wengine watakaosoma hawakukujua, itabidi nikueleze mambo unayoyajua tayari. Nivumilie.

Ulikuwa mkulima wa viazi kule Eburu, na kwa miaka kumi na moja ulikuwa pia mfuata nyayo msituni. Kazi yako ilikuwa bongo, yule mnyama mkubwa mwekundu wa jamii ya swala, mwenye mistari myeupe ubavuni. Bongo wa milimani haishi porini popote duniani ila kwenye misitu ya milima ya Kenya, na hata huko wamebaki wachache mno. Watu wamezeeka Eburu bila kumwona hata mmoja. Ana aibu kama bibi harusi, ulikuwa ukisema, na Mama akikujibu kutoka jikoni kwamba yeye hakuwa na aibu yoyote siku ya harusi yenu, wewe ndiye uliyekuwa ukitetemeka.

Nilikuwa darasa la sita uliponipeleka msituni mara ya kwanza. Tulipitia kwenye bomba la mvuke, lile linalopooza mvuke wa ardhini mpaka udondoke maji, tukajaza chupa yetu, tukaingia kwa njia ya mianzi. Sikuona bongo. Niliona mavi ya bongo. Siku hizi mimi huandika "sampuli ya kinyesi", lakini wewe ulisema mavi na ulikuwa sahihi. Ulichuchumaa, ukachukua punje moja kwa jani, ukanipa ninuse nione kama ni ya leo au ya jana. Nilikataa. Ukaniuliza mbona ng'ombe namkamua kila siku na silalamiki. Nikanusa. Ilikuwa ya leo, na ulifurahi kuliko siku nilipoleta ripoti nzuri ya shule.

Kuna jambo jingine ambalo wageni hawalijui. Mimi ni binti yako wa kwanza, na kwa desturi yetu nilipewa jina la mama yako, Wambui. Kwa hiyo hukuniita kwa jina. Uliniita Maitu, yaani mama yangu, tangu nikiwa kwenye nepi. Hata ukinituma dukani ulinituma kwa adabu: Maitu, naomba uniletee kiberiti. Wenzangu walicheka kuona mtoto akiombwa. Mimi nilivimba kichwa, na nadhani hakikuwahi kupungua.

Nikasoma. Nikaenda chuo, nikajifunza mambo ya jeni, nikapata kazi kwenye maabara Nakuru. Nilipanga chumba mtaa wa Bondeni, hukohuko mjini, nikakuletea koti jeupe nyumbani ulione. Ulilivaa mwenyewe ukazunguka nalo zizini ukiwapima ng'ombe joto kwa kijiti, mpaka Mama akakaa chini kwa kucheka. Kisha mradi wa bongo ukataka kuhesabu wanyama kwa kusoma DNA kwenye mavi yao, na ikawa kwamba kazi yangu na yako ni moja. Wewe na mwenzako Kibet, ambaye babu zake walitundika mizinga ya nyuki kwenye msitu huohuo, mnaokota. Mimi nasoma. Ulimwambia kila mtu aliyekuwa tayari kusikiliza, na wengi ambao hawakuwa tayari.

Katika lile korongo tulilozoea kuita Bonde la Nyuma ulisema kuna bongo watano. Uliwajua kwa mistari, kwa masikio, kwa namna wanavyokanyaga. Shosho, yaani bibi, alikuwa mama yao wote, sikio lake la kushoto limepasuka. Wanjiru Mkubwa na Wanjiru Mdogo walikuwa mabinti zake, hawaachani. Pasta alikuwa dume kijana mwenye kola nyeupe shingoni, pana kuliko ya wenzake. Na mdogo wao, mwenye miguu mirefu isiyomtosha, ulimwita Kitinda. Kila kichupa ulichojaza uliandika jina la mwenyewe kwa penseli. Nilikukataza. Nilisema andika namba tu, majina si sayansi. Ulijibu sawa.

Majibu yalipotoka, ulinipigia simu wiki moja kabla ya mkutano. Ulitaka kujua tu. Nikakuambia usubiri kama wengine, huo ndio utaratibu. Baba, hakukuwa na utaratibu. Hakuna mtu aliyenikataza kukuambia. Nilitaka kusimama mbele ya watu nikiwa na kitu ambacho hukijui, basi. Nimejaribu kutafuta sababu nzuri zaidi ya hiyo na sijaipata.

Ukumbi ulijaa. Chifu alikuwepo, na wakubwa wa mradi, na wafuata nyayo wote wamekaa benchi la tatu na buti zao. Nikaonyesha picha ukutani, nikaeleza, nikafika kwenye Bonde la Nyuma, nikasema DNA imeonyesha bongo wawili. Dume mmoja, jike mmoja. Mtu mmoja nyuma akasema, si kwa sauti kubwa lakini tulimsikia wote, kwamba kumbe tumekuwa tukilinda majina. Watu wakacheka. Na kwa sababu wewe ndiye uliyeleta hesabu ya watano miaka yote, kila mtu alijua wanamcheka nani.

Ukasimama. Ulivua kofia.

"Maitu, niko na swali moja tu. Kama hao wanyama ni ndugu, mama mmoja, baba mmoja, hiyo mashine inaweza jua huyu si yule?"

Nakumbuka nilitabasamu. Nilitabasamu kwa ule upole wa wasomi, nao ni mbaya kuliko tusi.

"Mashine haidanganyi, Baba. Watu ndio huhesabu mmoja mara mbili."

Ukanitazama kidogo. Kisha ukasema, "Sawa. Maitu amesema," ukakaa.

Kwa watu wengine hayo yalikuwa maneno ya mzaha. Mimi nilijua maana yake. Mama akisema, mtoto hanyanyui mdomo tena. Ulininyenyekea mbele ya watu wote, kwa jina la mama yako, na mimi nikabonyeza kitufe nikaendelea na picha inayofuata.

Yaliyofuata yalikuja polepole. Wakubwa wakasema bongo wawili hawatoshi kuweka doria huko, wakawahamisha Kibet na wengine upande wa pili wa msitu. Hukufukuzwa. Lakini palikuwa na minong'ono kwamba uliongeza hesabu ili ulinde kazi yako, na wewe hukuwa mtu wa kuishi na mnong'ono. Uliacha kazi mwenyewe, ukarudisha buti ukiwa umezisugua mpaka kwenye soli. Nilipokuja nyumbani Krismasi ulinipokea vizuri, ukanichinjia kuku, ukaniuliza kama Nakuru kuna mvua. Ila hukuniita Maitu tena. Uliniita Wambui, kwa upole, kama mtu anavyomwita binti wa jirani. Nilisikia. Nilijifanya sikusikia, nikajiambia wazee hununa na hununuka.

Ukaugua mapafu. Nilikaa nawe wodini Nakuru siku nne, nikakuletea uji kwenye chupa, nikakukata kucha. Tuliongea juu ya ng'ombe mwenye mimba. Kila nilipotaka kuutaja ule mkutano nilijiambia tutaongea ukipata nafuu. Siku ya tano hukuamka.

Sasa nikwambie nililokuja kukwambia.

Miezi minne baada ya kukuzika, maabara yetu iliingia kwenye kazi ya kusoma jenomu nzima za wanyama wanaopatikana huku kwetu tu. Bongo alikuwa mmojawapo. Zamani tulikuwa tumesoma sehemu nane tu za DNA yake, nane kati ya mamilioni kwa mamilioni, kwa sababu ndizo tulizoweza. Safari hii tungesoma yote, mwanzo hadi mwisho. Tukatoa kwenye friza vile vichupa vyako vya zamani kutoka Bonde la Nyuma, kwa kuwa hakuna mtu aliyekuwa ameleta vipya.

Ilikuwa Jumatano, saa sita mchana, wenzangu wameenda kula. Nilifungua majibu. Nilihesabu, nikahesabu tena, nikarudia kazi yote ya kompyuta tangu mwanzo nikitumaini nimekosea. Walikuwa watano. Jike mzee na watoto wake wanne, majike wawili na madume wawili.

Uliniuliza kama mashine inaweza kuwajua ndugu. Haikuweza, Baba. Hao wanyama walikuwa wameoana wao kwa wao kwa vizazi vingi ndani ya kamsitu kale, hakuna damu mpya inayoingia, mpaka kwenye zile sehemu nane wote walikuwa sawasawa. Tulichoweza kutofautisha ni dume na jike tu. Ni kama kuhesabu watu wa boma kwa kuwauliza jina la ukoo, ukisikia wote wanajibu jina moja unaandika kwamba humo anaishi mtu mmoja. Swali lako lilikuwa ndilo swali ambalo wataalamu wote wa mradi walipaswa kuliuliza, na mimi wa kwanza wao. Uliliuliza umeshika kofia mkononi. Nami nikatabasamu.

Nikaenda kwenye friza. Nilipangusa barafu kwenye kichupa kimoja na chini ya namba yangu nikaona mwandiko wako, mdogo kama chungu. Wanjiru Mdogo. Ulisema sawa, na uliendelea kuandika majina! Nilivitoa vyote nikavipanga mezani, nikaweka majina yako upande mmoja na majibu ya jenomu upande wa pili. Hukukosea hata kimoja. Hata pale ambapo mavi ya Pasta na ya Kitinda yaliokotwa yakiwa yameachana hatua chache tu, siku moja, njia moja, hukuyachanganya. Sijui ulijuaje. Sitajua kamwe, kwa sababu mtu wa kumuuliza nilikuwa naye miaka thelathini na mbili nikawa nashughulika kumfundisha.

Nilichukua simu nikupigie. Nilifika kwenye jina lako ndipo nikakumbuka.

Jumamosi nikaenda nyumbani kumwambia Mama. Alikuwa anamenya viazi. Nilimweleza yote, sehemu nane, jenomu, ndugu, penseli. Hakuacha kumenya. Nilipomaliza akasema alijua, maana wewe hukuwahi kumdanganya hata juu ya chai umekunywa vikombe vingapi. Halafu akaniambia jambo ambalo hakuwa ameniambia, kwa sababu ulimkataza.

Aliniambia kwamba baada ya kurudisha buti ulienda Bonde la Nyuma mara moja tu, peke yako, na viatu vya shamba. Ulimkuta Shosho kwenye waya wa mtego. Alikuwa amekufa siku mbili kabla. Mlikuwa mmezoea kutoa nyaya hizo kila wiki, na sasa hakuna aliyekuwa anapita. Ulimfunika kwa matawi ya mianzi, ukarudi, ukakaa zizini mpaka Mama akakufuata huko. Akakuletea simu akasema, mpigie Wambui.

"Akaniuliza, nimpigie nimwambie nini?" Mama alisema. "Shosho hayuko kwa hesabu yake. Mtu hakuzaliwa, atakufa aje?"

Nimeishi na maneno hayo tangu siku hiyo. Nayasikia nikipiga mswaki. Ulikuwa na msiba na hukuwa na mtu wa kumpelekea, kwa kuwa binti yako mwenye koti jeupe alikuwa amekwisha kuandika kwenye ripoti kwamba marehemu hayupo na hajawahi kuwepo. Nilikunyang'anya kazi yako, Baba, na heshima yako, na hata haki ya kusema umefiwa.

Nilimtafuta Kibet. Nilidhani atakataa kunipeleka, na angekuwa na haki. Alichofanya ni kuniangalia viatu, akasema havifai, akaniazima buti za mkewe. Tulipanda siku mbili mfululizo. Tulitoa nyaya nyingi, nyingine zimeshika kutu, nyingine mpya zinang'aa. Mlima ulikuwa kimya. Siku ya pili tulikaa kupumzika, na ndipo Kibet akasema lile alilokuwa amelibeba.

"Mzee hakuwa anadanganya, daktari. Mimi pia niliwaona watano. Lakini mashine ilikuwa imesema, na wewe ni mtoto wake. Ningesimama niseme nini?"

Nilimwambia tu kwamba kosa si lake, naye akasema kidogo ni lake, tukaachia hapo.

Tulipata mavi mapya sehemu sita. Niliyanusa kabla ya kuyatia kwenye kichupa, na niliandika namba, na chini ya namba nikaacha nafasi. Nilirudi Nakuru nikasoma jenomu za mavi hayo mwenyewe, sikumpa mtu. Nilikuwa naomba, Baba, mimi ambaye kanisani huenda kwa ajili ya harusi za watu. Majibu yalikuwa Pasta na Wanjiru Mdogo. Sehemu zote sita, hao hao. Tulirudi tena mwezi uliofuata tukaongeza siku, tukazunguka korongo lote na ng'ambo yake. Pasta na Wanjiru Mdogo. Ndugu na dada, ambao hata wakizaa watazaa shida.

Niliomba mkutano. Wakubwa wa mradi walisema taarifa ya maandishi ingetosha, nikawaambia mimi sikukosea kwa maandishi. Tukakutana kwenye ukumbi uleule Alhamisi iliyopita. Mama alikaa mbele na kitambaa chake cha kanisa. Sikuleta projekta. Nilisimama nikasema kwamba baba yangu alisema bongo watano na walikuwa watano, kwamba aliniuliza swali sahihi nikamjibu kwa kiburi, na kwamba kwa sababu ya jibu langu doria iliondolewa na nyaya zikaingia. Nikawataja watatu tuliowapoteza. Shosho. Wanjiru Mkubwa. Kitinda. Nilitaka wasikike wakitajwa mahali pale, kwa majina uliyowapa, hata kama majina si sayansi. Hakuna aliyecheka.

Doria imerudishwa, Kibet ndiye anaiongoza. Kuna mazungumzo ya kuleta bongo wengine kutoka mahali wanakofugwa, ili Wanjiru Mdogo apate dume asiye ndugu yake, na jenomu zitatusaidia kumchagua. Nitaifanya kazi hiyo kadiri nitakavyoweza. Lakini sitajidanganya kwamba inarudisha kitu.

Nilipomaliza, yule mtu wa nyuma, yule aliyesema tunalinda majina, alisimama. Alikuwa ameinamisha kichwa. Aliniuliza, basi kwa sasa, katika Bonde la Nyuma, wamebaki wangapi.

Nikasema wawili. Dume mmoja, jike mmoja.

Kisha nikaangalia benchi la tatu, Baba, nikangoja mtu avue kofia aniulize kama nina hakika. Nilingoja sana. Hakusimama mtu.

Lala pema, nawe unisamehe ukiweza. Nikija kaburini nitakuja na habari za hao wawili, kila mwezi, nzuri au mbaya, na sitakuficha hata moja.

Binti yako wa kwanza,
Wambui